Lugha na ukuaji wa akili: mfano wa Rumonge

Rumonge ni mji wa bandari na uvuvi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Mtoto wa hapa hukutana na Kirundi na Kiswahili, na baadaye Kifaransa shuleni. Sokoni, penye ndagala (dagaa) na mawese, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Warundi na majirani zao kutoka Kongo na Tanzania.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky (1896–1934) alishikilia kwamba fikra huanzia kati ya watu kabla ya kuwa mali ya mtu mmoja: maneno ambayo mtoto huambiwa na wakubwa huja kuwa maneno anayojiambia mwenyewe. Pengo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa aliliita “eneo la ukuaji wa karibu”.

Burundi ina ushahidi wake wa uhusiano huu wa lugha na akili. Mwanaanthropolojia Ethel Albert, aliyefanya utafiti nchini humo katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1964 makala kuhusu ufundi wa kusema wa Warundi. Alieleza jinsi wavulana wa tabaka la juu walivyofundishwa usemaji rasmi tangu wakiwa na umri wa miaka 10 hivi. Akili, *ubwenge* kwa Kirundi, ilipimwa kwa ulimi. Si kwa karatasi ya mtihani.

Shule kongwe zaidi, hata hivyo, ni vitendawili. Mrundi huanza na “Sokwe!” akajibiwa “Niruze!”, Mswahili husema “Kitendawili!” akajibiwa “Tega!” Bila mjibuji, mchezo hauanzi.