Usingizi wa Mtoto na Sauti ya Tabibu

Usiku wa mtoto mchanga ni mtihani wa mzazi. Kwa karne nyingi mafunzo ya mtihani huo yalitoka kwa bibi, mkunga na jirani. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Marekani, alitokea mwalimu mpya, naye alikuwa tabibu mwenye kitabu mkononi.

Mwaka 1894 Luther Emmett Holt, tabibu wa watoto mjini New York, alitoa kitabu cha maswali na majibu kwa ajili ya mama na yaya. Alikataza mtoto kubembelezwa ili alale. Aliyelia kwa mazoea tu aachwe alie mpaka anyamaze. Mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson alizidisha ukali huo. Mapenzi mengi aliyahesabu kuwa madhara, akaruhusu busu moja la paji la uso wakati wa kuagana usiku.

Mwaka 1946 Benjamin Spock alikuja na neno la faraja. Aliwataka wazazi wajiamini, kwani walijua mengi kuliko walivyodhani. Mamilioni walimsoma na kumpenda, wala hawakukosea kumpenda; lakini mapenzi hayo ndiyo yaliyolipa kosa lake uzito. Katika chapa ya mwaka 1958 alishauri mtoto alazwe kifudifudi, kwa hofu kwamba alalaye chali akitapika angepaliwa. Hoja ilipendeza masikioni, bali haikuwa imepimwa kwa hesabu ya waliokufa na waliopona.

Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali mwaka 1991. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani nao walikataza kifudifudi, na katika muda wa miaka 10 hivi vifo vya ghafla vya usingizini nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake walionyesha kwamba hatari hiyo ingaliweza kutambuliwa tangu mwaka 1970, na kwamba maelfu ya watoto wangaliokolewa.

Holt alikuwa mkali, Spock alikuwa mpole. Lakini ukali na upole si mizani ya ukweli. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kazi hiyo ina mshiriki wa pili, naye ni mshauri: asikilizwaye na mamilioni yampasa apime kwanza, ndipo aseme.