Kuenea kwa mtikisiko wa masoko

Kuenea kwa mtikisiko wa masoko ni hali ambapo kuyumba kwa bei katika soko moja, liwe la hisa au la bidhaa kama mafuta, huyayumbisha na masoko ya nchi nyingine. Mfano ulio wazi ni Machi 2020. Tarehe 6, Urusi ilikataa pendekezo la OPEC, jumuiya ya nchi zinazouza mafuta, la kupunguza uzalishaji wa mafuta. Saudi Arabia ikajibu kwa kushusha bei. Jumatatu tarehe 9, mafuta ya Brent yalishuka kwa takriban robo, na New York biashara ya hisa ikasimamishwa kwa dakika 15 baada ya fahirisi ya S&P 500 kuporomoka kwa 7%. Dhahabu, inayosifiwa kuwa kimbilio, nayo ilishuka siku zilizofuata: waliokopa ili kununua hisa walidaiwa dhamana zaidi, wakauza chochote chenye mnunuzi. Hata hivyo korona ilikuwa ikiyatikisa masoko yote kwa pamoja, hivyo si rahisi kusema soko lipi liliambukiza jingine. Vipimo vingi vya mtikisiko kama huu hutumia modeli za kitakwimu zinazotokana na ARCH, aliyoibuni mwanauchumi Robert Engle mwaka 1982.