Vyama Vikubwa Vikikaa Meza Moja, Nani Anabaki Kuuliza?

Huku kwetu Nkunga, milimani Rungwe, siasa za Visiwani tunazifuata kwa redio na simu tu. Lakini yaliyoipata Zanzibar baada ya 2010 ni somo kwa mpiga kura yeyote anayeambiwa kwamba dawa ya ugomvi wa vyama ni kuunda serikali ya pamoja.

Tusiibeze Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF, watu zaidi ya 30 wakafa na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa 1999 ulishashindwa, na wa 2001 nao ukaishia kwenye makaratasi. Ndiyo maana Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana tarehe 5 Novemba 2009, watu walishusha pumzi. Julai 2010 wananchi wakaipitisha serikali ya pamoja kwa asilimia 66.4 ya kura. Oktoba, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim 49.1. Maalim akayakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Amani ilipatikana kweli. Shida ni kwamba majimbo yote ya Baraza la Wawakilishi yalikuwa ya CCM na CUF, na mawaziri wakatoka hukohuko. Sasa mwenye hasira na serikali aende wapi? Wengi walikwenda kwenye mihadhara ya Uamsho. Jumuiya hiyo ilikuwepo kabla ya maridhiano, hivyo si haki kusema serikali ya pamoja ndiyo iliyoizaa. Ila uwanja wa upinzani ulibaki mtupu, nayo ikauingia na hoja ya Muungano. Mwaka 2012 zikatokea vurugu, viongozi wake wakakamatwa, wakaja kuachiwa Juni 2021 baada ya mashtaka kufutwa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Waligawana vyeo, wakamwacha mwenye kuhesabu kura palepale alipokuwa. Tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi. Maalim, pamoja na cheo chake chote, hakuwa na la kufanya. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na umoja ukafa hapohapo.

Kenya nayo, Kibaki na Raila walipoungana 2008, bunge lilibaki karibu bila upinzani. Lakini mapatano yao yalibeba ajenda ya katiba mpya, na Agosti 2010 ikapatikana. Serikali ile ilipomaliza muda wake, katiba ilibaki.

Desemba 2020 Maalim, safari hii na ACT-Wazalendo, alirudi kwenye umoja. Alifariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza. Wanaomrithi meza ile wasiulizwe wamepewa wizara ngapi. Waulizwe tume ya uchaguzi itakuwa ya nani siku wakigombana tena.