Bunduki Ilibaki Nyuma

Mgeni wa loji ya kifahari huamshwa kabla ya jua. Mhudumu anapiga hodi mlangoni mwa hema, anaweka birika la kahawa, na kukianza kupambazuka gari limeshaondoka. Jua likiwa kali mgeni amerudi, amekula, amelala. Saa kumi jioni anatoka tena, na machweo yanamkuta juu ya mwamba, glasi mkononi. Ratiba hiyo haikutungwa na watu wa hoteli. Ni ratiba ya mwindaji: mnyama hutembea asubuhi na jioni, mchana hujilaza kivulini, na anayemtaka hana budi kufuata saa zake.

Kwa mtu wa Mkula, wilayani Busega mkoani Simiyu, hayo ni mambo ya jirani. Lango la Ndabaka, ambako Serengeti inalisogelea Ziwa Victoria, haliko mbali. Simiyu ilipopewa hadhi ya mkoa mwaka 2012, ilipata pia sehemu ya ukingo wa magharibi wa mbuga.

Mzizi wa ratiba hiyo ya loji uko kwenye misafara ya uwindaji ya wazungu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Neno letu safari, ambalo kwetu hata mwendo wa kwenda kumjulia hali shangazi hulistahili, likatekwa na Kiingereza likawa jina la uwindaji. Magari yalipofika Serengeti katika miaka ya 1920, simba walipigwa risasi kutoka garini kwa wingi, hata Denys Finch Hatton, mwindaji wa kulipwa, akalalamika katika gazeti la The Times la London. Mwaka 1930 ndiye aliyemwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza, ambaye safari hiyo alijishughulisha zaidi na kamera.

Kamera ikaachiwa njia, mkuki ukafungiwa. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Msukuma aliyezoea kufuata nyayo porini akapata jina jipya: jangili. Leo kutembea kwa miguu nyuma ya mtu anayesoma nyayo ni miongoni mwa vitu vya bei ghali katika loji. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Utalii wa picha ukaendelea kujitafutia mambo mapya. Baluni zikaanza kupaa juu ya Serengeti mwaka 1989. Mengine huamuliwa na sheria. Ndani ya hifadhi, giza likiingia magari ya wageni kwa kawaida hutulia, kwa hiyo jioni huwa ya chakula na hadithi. Nje ya mipaka, katika maeneo kama Mwiba wilayani Meatu, mgeni anaweza kutoka usiku na tochi kutafuta wanyama wasioonekana mchana. Kule Grumeti, mkoani Mara, wageni wamewahi hata kupanda farasi.

Kisha kuna ngoma za kuwatumbuiza wageni. Wasukuma waliwahi kuwa na vyama vya wawindaji vyenye ngoma zake: Banunguli, walioingia mashimoni kumtafuta nungunungu, na Bayeye, mabingwa wa nyoka, ambao chatu huwatulia mabegani. Bugobogobo nayo ilizaliwa shambani, watu wakilima pamoja kwa mdundo, majembe yakirushwa juu na kudakwa. Kwenye nyasi zilizokatwa vizuri mbele ya wageni, jembe linapaa na kudakwa vilevile, ila hakuna tuta linalolingoja.

Kinachonivutia zaidi ni moto. Karibu kila kambi huukoka jioni, nao huhesabiwa kuwa sehemu ya starehe. Usukumani moto huo ni shikome: gogo linalowaka taratibu pamoja na mavi makavu ya ng'ombe, uani, wanaume na vijana wao wakila hapo, wakitegeana vitendawili, mtoto akisikia babu yake alitoka wapi na nani alikimbia vita gani. Moto ni uleule, viti ndivyo tofauti. Kwenye loji hupangwa nusu duara vikiitazama mbuga. Kwenye shikome watu huketi wakizunguka, kila mmoja akiuona uso wa mwenzake.