Maiti, Kaburi na Kisasi: Juliasi Kaizari na Kisangani ya 1964

Katika tanzia ya Shakespeare ambayo tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Julius Nyerere, ilitoka mwaka 1963, kisasi huanzia kwenye maiti. Brutus anamruhusu Antony kumzika Kaizari na kuhutubia umma, ingawa Cassius anamwonya. Akiwa peke yake na maiti, Antony anatabiri kwamba roho ya marehemu itazurura ikidai kisasi, na nchi itajaa mizoga isiyo na wa kuizika. Kisha anauonyesha umati joho lililotobolewa na majeraha yenyewe, nao unakwenda kuchoma nyumba za wauaji. Kosa la Brutus, basi, ni kuwaachia wafiwa maiti yao.

Wauaji wa Patrice Lumumba hawakurudia kosa hilo. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao ilifukiwa, ikafukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi. Aliyeifanya kazi hiyo ni polisi Mbelgiji, Gerard Soete. Pasipo kaburi, wafuasi wasingekuwa na pa kukusanyikia.

Hata hivyo, kisasi kilijitafutia mahali. Agosti 1964 wapiganaji waliojulikana kwa jina la Kiswahili, Simba, waliuteka mji wa Stanleyville, ndio Kisangani, ulio upande wa juu wa mto Kongo kutoka Basoko. Humo Lumumba aliwahi kuwa karani wa posta. Mbele ya mnara wa kumbukumbu yake, Simba waliwaua Wakongo wenzao waliowahesabu kuwa maadui, wakiwemo watumishi wa serikali na wasomi. Mnara usio na maiti ukageuka kaburi, na kaburi likadai damu. Kunyima maziko, kwa hiyo, hakukuzuia kisasi, kulikiondolea mipaka.

Tamthilia inakoma washindi wanapomwandalia Brutus, adui yao, maziko ya heshima. Kwa Lumumba, jino moja alilolihifadhi Soete lilikabidhiwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, likapitishwa Kisangani, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Deni la miaka 61 lililipwa kwa mtu mmoja. Waliouawa mbele ya mnara wake nao ni wafu wa tanzia hiyohiyo, na historia inayomlilia Lumumba haina budi kuwahesabu.