Risaga ya Baharini

Ukikulia Kenyenya, bahari ni kitu cha ramani na televisheni. Kwetu ni migomba, majani chai na mto Gucha, ambao hata wenyewe hauelekei Mombasa: unateremka Migori na kuishia Ziwa Victoria. Lakini kujitolea tulikujua kabla mradi wowote haujaja kutufundisha. Wazee wetu walikuwa na risaga. Majirani wanakuja kulima shamba lako, unawapikia na kuwatengea pombe, halafu siku yao ikifika unabeba jembe unaenda. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayesahau zamu ni ya nani.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma historia ya vijana wa ng'ambo waliokuja kuokoa bahari ya Afrika Mashariki, swali langu lilikuwa la kijijini kabisa: je, zamu iliwahi kurudi?

Chukua kisiwa cha Mafia, Tanzania. Kuanzia 1989, shirika la Uingereza liitwalo Frontier, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilileta vijana kupiga mbizi na kuorodhesha samaki na matumbawe. Hawakulipwa; wao ndio waliolipa ili waje. Usiwacheke. Kazi yao ilisaidia kuonyesha kilichokuwa hatarini, na mwaka 1995, baada ya sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, kilomita za mraba 822.

Hiyo ndiyo nusu inayopendwa kusimuliwa. Nusu ya pili nimeikuta kwa Christine Walley, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi Mafia na kuandika kitabu Rough Waters (2004). Anaonyesha kwamba wakazi wengi waliitaka hifadhi tangu mwanzo. Baruti ilikuwa inavunja matumbawe yao, na wengi wa walipuaji walitoka nje ya kisiwa. Mvuvi hahitaji mtungi wa hewa mgongoni ili ajue samaki wamepungua. Lakini hifadhi ilipoanza kazi, wengi wa hao hao waliona maamuzi yako kwa maofisa na wataalamu, wao wamebaki watu wa kuelezwa tu.

Sasa rudi Kenya, Kuruwitu, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2005 wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga kipande cha bahari yao, takriban hekta 30, ili samaki wapate pa kuzaliana. Fikiria: unafunga shamba unalokula. Ukiniuliza, huko ndiko kujitolea. Lakini angalia lugha ya miradi: mgeni wa wiki sita anaitwa mtu wa kujitolea, na mvuvi anaitwa mwanajamii, au mnufaika.

Gazi, pwani ya kusini, ilikaribia risaga zaidi. Huko watu wa kujitolea waliokuja kupitia Earthwatch walifanya kazi kwenye mikoko pamoja na watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya, na wanakijiji. Kazi hiyo ya miaka ilizaa Mikoko Pamoja, iliyoanza 2013: kijiji kinalinda hekta 117 za mikoko, kinauza kaboni, na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Wageni waliondoka, mradi ukabaki na wenyewe.

Lakini hata Gazi, safari ni ya upande mmoja. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda. Nimesoma matangazo ya kujitolea baharini, mengine hapa hapa Kenya, na ada ya wiki chache tu ingenirudisha darasani. Na kijana wa Kenyenya akitaka kwenda Ugiriki, ambako vijana hujitolea kila kiangazi kulinda mayai ya kasa? Ubalozi utataka kwanza taarifa ya benki. Maji ya Gucha huingia ziwani, ziwa likatoa Nile, Nile ikafika Mediterania. Maji hayaombwi viza.

Sisemi wageni wasije. Waje, kazi ipo. Ila kwenye risaga mwenye shamba ndiye anayeonyesha jembe lianzie wapi, na mgeni wa leo kesho ni mwenyeji. Historia ya bahari yetu bado haijafika hiyo kesho.