Mwandishi wa Ridhaa na Msomaji Wake: Karatu, Ngorongoro na Historia ya Bunilizi ya Kiswahili



Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama tunavyoifundisha madarasani, aghalabu ni historia ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Mhadhara huu unahusu hatua iliyo kabla ya kitabu. Unahusu mtu mwenye kazi nyingine ya kumpatia riziki, ambaye usiku huandika hadithi kwa kupenda tu, bila kuagizwa wala kulipwa. Katika michezo tunalo jina la mtu wa namna hiyo. Husemwa bondia wa ridhaa, mchezaji wa ridhaa. Nami nitamwita mwandishi wa ridhaa. Swali langu ni hili: mtu huyo huendeleaje? Hutokaje katika muswada wa kwanza, ambao kwa kawaida huwa mbaya, hadi ule wa tatu au wa nne unaosomeka?

Jibu la haraka ni kwamba husoma sana na kuandika sana. Silikatai, lakini ushahidi wa historia yetu unaelekeza kwingine. Wale tunaowataja leo kama waasisi wa bunilizi ya Kiswahili, karibu wote walianza kwa ridhaa, na karibu wote walikuwa na mtu au chombo kilichousoma muswada na kuurudisha na neno la kusema. Nitalitazama jambo hili kutokea Karatu na Ngorongoro, kwa kuwa huko limepungua sana, na upungufu hutuonyesha thamani ya kitu kuliko wingi.

Nianze na lugha za mahali penyewe. Wilaya ya Karatu ilizaliwa kutokana na Mbulu katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 Mbulu ilipoingizwa katika mkoa mpya wa Manyara, Karatu ilibaki Arusha. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao vitabu vya zamani huwaita Wambulu. Lugha yao ni ya Kikushi. Jirani zao Wadatooga na Wamaasai wa Ngorongoro husema lugha za Kinailoti. Kandokando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na udugu na lugha nyingine yoyote. Kuelekea kusini wapo Waihanzu, ambao ni Wabantu. Ni sehemu chache barani zenye mchanganyiko wa namna hii katika eneo dogo kiasi hicho.

Kwa mwandishi maana yake ni nzito. Katika Kimaasai kitenzi hutangulia; katika Kiiraqw hukaa mwishoni mwa sentensi; katika Kiswahili hukaa kati ya mtenda na mtendwa. Kiiraqw kina jinsia tatu za nomino na hakina ngeli kama zetu. Kijana wa Karatu anayeandika hadithi kwa Kiswahili anajenga sentensi kwa mpango ambao si ule aliousikia mgongoni mwa mama yake. Muswada wake ukifika mjini, jicho la mhariri huangukia kwanza upatanisho wa kisarufi, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Na tusidhani kwamba watu hawa hawakuwa na sanaa ya masimulizi hadi Kiswahili kilipowafikia. Wairaqw wanayo slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitoa mbele ya mkusanyiko huku waliohudhuria wakimwitikia. Ndivyo ilivyo pia kwa ngano za jioni, huko na kwingineko. Fanani hupimwa papo hapo. Akirefusha, watoto husinzia. Akikosea jina la mhusika, yupo bibi wa kumsahihisha. Akichekesha, kicheko humwambia arudie pale. Hadhira ndiyo mhariri wake, tena mhariri asiyechelewesha majibu. Mtu huyo huyo akishika kalamu, hupoteza yote hayo kwa usiku mmoja. Karatasi hainuni wala haicheki.

Hadithi za eneo hili ziliingia vitabuni mapema, lakini kwa mikono ya wengine. Daktari na mchunguzi wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alifanya safari mbili za utafiti katika eneo la Eyasi, kati ya 1934 na 1939, akichimbua mabaki ya kale na kukusanya masimulizi. Mwaka 1956 juzuu mbili za hadithi za Wahadzabe, ambao yeye aliwaita Watindiga, zilitoka Ujerumani kwa Kijerumani. Mwanaisimu Paul Berger naye alikusanya matini za Kiiraqw katika miaka hiyo hiyo ya 1930; alizihariri pamoja na Roland Kießling, zikachapishwa Köln mwaka 1998, miaka sitini baada ya kutamkwa. Aliye karibu nasi zaidi ni W. D. Kamera wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye katika miaka ya 1970 alitoa *Hadithi za Wairaqw wa Tanzania* kupitia Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Kitabu hicho ni cha Kiswahili, na kwa hiyo mwana wa Karatu aliyepita shule aliweza kukisoma.

Ninaziheshimu kazi hizi zote. Hata hivyo, zina mtazamo mmoja wa pamoja: hadithi ni ya kabila. Msimulizi ni mlango ambao hadithi inapitia. Hakuna aliyemrudia kumwambia, “Hapa katikati umepwaya, jaribu tena.” Mtu haambiwi hivyo juu ya urithi, huambiwa juu ya kazi aliyoitunga. Mwandishi wa ridhaa wa Karatu amerithi hali hiyo. Akiandika kisa alichokibuni mwenyewe, huulizwa kama ndivyo Wairaqw wanavyosimulia.

Sasa tutazame jinsi wenzake wa kwingine walivyosaidiwa. Gazeti la serikali *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi na barua za wasomaji. Karani wa Pangani aliweza kuliona jina lake na kusomwa na karani wa Tabora. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa majukumu yake kulikuwa na mawili yanayotuhusu: kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa, na kumpa ushauri yeyote anayekusudia kuandika kitabu. Yasomwe yote mawili kwa makini. La kwanza linamwacha nje mtu wa Karatu. La pili linamkaribisha. Katika utendaji, Kamati ilishughulika zaidi na usanifu wa lugha, na vitabu ilivyovikubali vilipewa idhini yake. Ilikuwa msomaji mkali wa tahajia na sarufi. Kuhusu msuko na wahusika haikuwa na mengi ya kusema, na kwa maoni yangu tumeirithi tabia hiyo kuliko tunavyopenda kukiri.

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa forodha, kisha karani katika idara nyingine za serikali. Hakuwahi kuishi kwa kalamu peke yake. *Barua za Shaaban Robert*, alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002, zinastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi. Humo tunamwona mwandishi aliye mbali na nyumbani, mwenye mashaka ya fedha na shughuli za ukoo, na mwenye mtu mmoja wa kumwandikia kwa zaidi ya robo karne. Hata yeye alingoja: *Kufikirika* ilitoka 1967, naye amekwisha kufariki.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika magazeti. Kisa chake cha *Mzimu wa Watu wa Kale* kilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya 1957–1958, kikachapishwa mwaka 1960. Baada ya hapo Bwana Msa, mpelelezi wake, alirejea katika *Kisima cha Giningi* (1968) na vitabu vingine hadi miaka ya 1980. Ushindi ulimfungulia mlango. Lakini miaka ya kazi ya gazeti, kuandika leo na kusikia malalamiko kesho, ndiyo ninayoamini ilimnoa.

Aliye karibu zaidi na hali ya Karatu, hata hivyo, si wa pwani. Ni Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa 1896 na kusoma katika seminari ya Rubya. Aliandika riwaya ndefu juu ya maisha ya Wakerewe wa kale, akaikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hapakuwa na wa kuichapisha. Padre rafiki yake, mtu wa Kanada, aliuchukua muswada ili autafutie njia, akafariki kabla ya kufanikiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walimhimiza aitafsiri kwa Kiswahili, na mzee huyo, ambaye kwa miaka mingi aliumwa viungo, aliketi akaiandika upya yote. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali* ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata, kabla nakala hazijamfikia.

Kisa hiki husimuliwa kama msiba, na msiba upo. Mimi huvutwa na sehemu nyingine: ile kazi ya kuandika upya. Kujitafsiri humlazimu mtu kukisoma kila kifungu kama mgeni. Lile ambalo kwa Kikerewe lilieleweka bila kusemwa, kwa Kiswahili lilidai kuelezwa, na ndiyo maana Kiswahili cha Kitereza kina subira ya mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake, chumba kwa chumba. Kikerewe, ni kweli, ni lugha ya Kibantu, na ngeli zake si ngeni kwa Kiswahili. Mwandishi wa Kiiraqw ana safari ndefu zaidi. Lakini Ukerewe hiyo hiyo imetupa Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika, ambaye ndiye aliyeitafsiri riwaya ya Kitereza kwa Kiingereza mwaka 2002. Watunzi watatu wa riwaya kutoka kisiwa kimoja, mbali na pwani. Basi hoja ya kwamba wa bara hana lugha haisimami.

Nirudi Karatu. Vyombo vya zamani vimetoweka: *Mambo Leo* haipo, na Shirika la Vitabu halikudumu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulisaidia kwa kununua sehemu ya nakala na kuendesha warsha za waandishi. Leo tunazo tuzo: ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2015, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023. Zote zimepokea miswada ya watu wasiojulikana, na hilo ni jema. Ila tuzo humjibu mshindi. Aliyeshindwa hupata ukimya, naye ndiye aliyehitaji maneno.

Maneno gani, basi? Chukueni mfano mdogo. Kamusi inatupa *kasoko*. Watu wa Ngorongoro, waongoza watalii na askari wa hifadhi, husema *kreta*. Mhariri wa mjini atafuta *kreta* na kuandika *kasoko*, akidhani amesaidia. Kwa kitabu cha jiografia labda amesaidia. Lakini katika mazungumzo ya mchungaji na mwanawe amemvika mhusika shati la mtu mwingine. Makosa ya ngeli yasahihishwe, tena bila huruma. Hayo hayana utetezi. Msamiati wa mahali ni jambo jingine, na msomaji bora wa kutenganisha hayo mawili ni yule anayeijua lugha sanifu na kreta yenyewe pia. Watu hao wapo: ni walimu, wauguzi, makatibu tarafa. Wakiketi watano na kusomeana kwa sauti, watakuwa wamemrudisha yule bibi wa ngano, mwenye kusahihisha papo hapo.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai wakahamishwa kutoka Serengeti. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Tangu 2022 familia nyingi za hifadhini zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na mjadala juu ya uhamaji huo umekuwa mkali. Tunazo ripoti, hotuba na hukumu za mahakama. Ripoti huhesabu kaya. Riwaya huweza kukaa na kaya moja tangu alfajiri hadi usiku. Riwaya ya Kiswahili ya mambo haya, iliyoandikwa na mtu aliyeyaona, inahitaji mwandishi aliyeiva, naye hataiva kwa kusifiwa.

Tuseme basi mtu ameandika, katika muswada wake wa kwanza, kwamba familia iliondoka kwa huzuni kubwa. Sentensi haina kosa la sarufi, na jopo la lugha litaipitisha. Msomaji wa Endulen ataiwekea alama pembeni na kuuliza: nani alitangulia kupanda gari, bibi au watoto? Ng'ombe walikwenda nao siku hiyo, au walibaki na nani? Mvua ilikuwa imenyesha?